Albamu Yetu ya Pili

Mimi na mdogo wangu, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, tuliimba pamoja tangu kwaya ya watoto hapa Uvira. Albamu yetu ya kwanza ilikuwa ya harusi, na kwa miaka kadhaa ilikuwa shida kumpata bibi harusi, kutoka mjini hadi Luberizi, aliyeingia ukumbini bila sauti zetu.

Kisha mtoto wa pekee wa mdogo wangu akafa kwa malaria, akiwa na miaka minne. Mdogo wangu hakuimba kwa miezi mingi. Alipofungua kinywa zikatoka nyimbo nane za polepole, za gitaa moja tu. Nilimfuata studio kwa huruma. Sikumwambia kwamba niliziogopa.

Albamu hiyo haikwenda popote. Redio ilipiga wimbo mmoja, mara moja. Wauza nyimbo wa sokoni hawakutuficha: "Wamama, watu iko wanaomba zile za zamani."

Jumamosi moja tukaitwa kwenye harusi Luberizi. Katikati ya sherehe, bila kuniuliza, mdogo wangu akaanza wimbo wa marehemu mtoto wake. Watu wakaacha kula. Mama wa bwana harusi akanikazia macho. Jina la mtoto lilikuwa katika ubeti wa tatu. Kabla hajaufikia, nikaingia kwa sauti kubwa na wimbo wetu wa kumkaribisha bibi harusi. Mpiga kinanda akanifuata, ukumbi mzima ukasimama kucheza. Mdogo wangu akateremsha kipaza sauti, akakaa.

Tukiwa garini kurudi, alisema, "Yaya, hata jina lake haukuniacha nilitaje."

"Ilikuwa harusi ya watu," nikamjibu. "Weye ulitaka walie?"

Hakuimba tena. Mume wake alipata shamba la mpunga Bwegera, wakahamia huko. Ulipita mwaka mzima ndipo nikaenda kumwona, nimembebea samaki wa mikeke waliokaushwa. Alinipokea vizuri, akanipikia.

"Nilikosa," nikamwambia. "Unisamehe."

"Nilishakusamehe, Yaya."

"Basi turudi kuimba."

Akatikisa kichwa. "Miye sauti iko. Lakini pembeni yako haitoki tena."

Nililia juu ya sahani yake. Yeye hakulia. Alinisindikiza hadi barabarani, akanishikia mfuko mpaka gari lilipokuja.

Siku hizi tunapigiana simu kila Jumapili. Tunaongea mpunga, mvua, mgongo wa mume wake. Muziki hatuutaji.