Lita Nne za Moshi

Jambo hili lilinigharimu kanzu moja ya Ijumaa, cheo cha fundi daraja la pili nilichokuwa nimeshaahidiwa, na miaka sita Songo Songo, kisiwa ambacho siku hizo hakikuwa na gari hata moja la kutengeneza. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu ni lile lile. Wenzangu wakistaafu huandika mambo waliyoyafanikisha. Mimi naandika juu ya lita nne za oili zilizotokea kwenye bomba la moshi, kwa sababu mpaka leo iko karatasi inayosema zilitokea mlangoni, nami nimezibeba.

Nilianza kazi Lindi, katika karakana ya idara ambayo sitaitaja. Imeshabadilishwa jina mara mbili, na waliomo sasa hawana kosa. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Fundi Mkuu, Mmakonde mmoja mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliitazama ovaroli kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kapime oili ya lile lori."

Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha chuma kinachoonyesha oili imefika wapi ndani ya injini. Nikasoma, nikarudi mbio kumwambia imejaa. Hata hakuinua kichwa.

"Umepima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara ya kwanza kinasema uongo. Kimelala humo usiku kucha, kimejipaka mpaka shingoni. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Hapo ndipo kinasema kweli."

Nikarudi, nikafuta, nikapima upya. Oili ilikuwa chini ya alama ya mwisho. Tangu siku ile kila kitu nakihakiki mara mbili: fungu la samaki, chenji, hata ahadi. Siku nilipooa, shehe aliponiuliza kama nimekubali, nilijibu mara mbili. Watu walicheka, lakini Zuhura ni mke wangu mpaka leo.

Nilikaa na Fundi Mkuu miaka minne. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba oili ina njia mbili tu za kutoka kwenye injini. Ya kwanza ni kuvuja, na hiyo ni ya kistaarabu, maana inaacha alama chini. Ya pili ni kuungua. Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, imevishwa ringi za chuma kama bangili. Kazi ya ringi ni kukwangua oili isipande juu penye moto. Gari likizeeka, ringi hulika, oili hupanda, huungua pamoja na petroli, na dereva hubaki akitazama chini ya gari asione hata tone.

"Sikiliza moshi," alikuwa akisema, kana kwamba moshi una sauti. Gari likitoa moshi wa bluu asubuhi linapowashwa tu kisha likanyamaza, hizo ni sili za valvu, vipira vidogo vya juu. Oili imechuruzika usiku. Likitoa moshi wa bluu kila unapokanyaga mafuta, hizo ni ringi. Ukitaka uhakika, chomoa plagi, pima kompresheni, yaani nguvu ya injini kukandamiza hewa, kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Ile oili yako imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, katafute kwenye valvu. Sasa hivi vijana wana vifaa vya kuchomeka vinavyowaka taa. Sivipingi. Lakini kijiko kinapatikana kila jikoni.

Nikahamishiwa Kilwa Masoko. Huko nilikuta mabwana wawili. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa haki, ila aliogopa karatasi kuliko nyoka. Mtunza Ghala hakuogopa kitu, kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwake. Mlangoni kwake alikuwa ameandika kwa chaki: RUDISHA CHAFU UPEWE SAFI. Maana yake, ukitaka lita moja ya oili mpya, lazima ulete lita moja ya oili iliyotumika.

Kwa gari linalomwagwa oili ya zamani ili litiwe mpya, hiyo ni sheria nzuri. Oili chafu Kilwa si takataka. Wajenzi wanapaka nguzo na boriti ili mchwa wasizile, na mtu mwenye debe la oili chafu hukosi kumwona akisalimiwa vizuri. Pipa la ghala lilikuwa likijaa mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi liko tupu. Sikuuliza lilikokwenda. Mimi nilikuwa na tatizo langu, jina lake Namba Saba.

Namba Saba lilikuwa gari la petroli la kubeba wagonjwa na mizigo, zee kunizidi kwa hesabu ya magari, likiendeshwa na Athumani, dereva mcha Mungu aliyelisemesha kama ngamia. Lilikula lita moja ya oili kila wiki. Nilipima kompresheni, nikatia kijiko, ikapanda. Nikaandika taarifa: ringi zimekwisha, naomba mpya. Mkuu wa Karakana akajibu kwa mdomo.

"Ringi hazipo. Wewe jaza tu oili, gari litembee."

Nikajaza. Wiki nne, lita nne. Mtunza Ghala alinipa kwa ahadi kwamba chafu nitaleta mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, akaniita dirishani.

"Fundi, nakudai chafu lita nne."

"Ziliungua."

"Zote?"

"Zote."

"Mimi nimekaa ghalani miaka kumi na mbili," akasema, "nimeona oili ikimwagika, nimeona ikiibwa. Ikiungua sijaiona."

"Kwa sababu umekaa ghalani."

Akacheka kidogo, kisha akainama karibu na nondo za dirisha. "Usijitie matatani, bwana. Nenda mtaani, tafuta oili chafu lita nne, niletee, tuandike imerudi. Wenzako wote ndivyo wanavyofanya. Wengine wanaongeza na maji, mimi najifanya sioni."

Niseme ukweli wangu. Mimi ni mtu wa kupatana. Napatana bei ya mchicha, napatana na kinyozi ingawa kichwani zimebaki nywele za kuhesabika. Lakini hapo palinishinda. Nikileta lita nne za oili chafu, nimekiri kwamba lita nne zilikuwepo. Kesho zikidaiwa nane, nazo zipo. Na lile gari litaandikwa kuwa halili oili, kwa hiyo ringi hazitaagizwa, na siku moja Athumani atakwama porini na wagonjwa nyuma. Nikamwambia hapana. Akanipa siku tatu, halafu jambo liende kwa Mkuu wa Karakana likiitwa upotevu. Upotevu ni wizi uliovaa tai.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Niliswali msikitini nimevaa kanzu yangu nyeupe, mstari mmoja na Mkuu wa Karakana, bega kwa bega. Tulipotoka nikamshika mkono.

"Bwana Mkuu, hii kanzu ni safi au chafu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Safi. Kwa nini?"

"Naomba uikumbuke hivyo."

Tukaenda karakana. Mbele yake na mbele ya Mtunza Ghala nikapima oili ya Namba Saba, nikafuta, nikapima tena: alama ya juu. Nikamwambia Mkuu apime mwenyewe. Akapima. Kisha nikavua kanzu, nikabaki na fulana na msuli, nikaifunga kwa kamba nyuma ya gari, shubiri mbili kutoka kwenye bomba la moshi. Leso ningeweza kuipaka masizi nyumbani. Kanzu hii mkubwa wangu alikuwa ameiona safi, amesujudu pembeni yake.

"Sasa panda, Bwana Mkuu. Twende Kinjumbi na kurudi."

Alikuwa na haki ya kukataa. Lakini Athumani alishafungua mlango na kusema, "Karibu, bwana, leo gari limepata imamu," naye akapanda. Mimi nilikaa nyuma nikichunga kamba. Kila Athumani alipokanyaga mafuta, bomba lilitema wingu la bluu, na kanzu ikavimba kama inavaliwa na mtu nisiyemwona. Kabla ya kufika Kinjumbi mikono yake ilikuwa ya kijivu. Tuliporudi Masoko jua limeinama, mgongo wote ulikuwa mweusi na unateleza. Ukiugusa, kidole kinang'aa.

Tukaacha injini itulie, nikampa Mkuu dipstiki. Akaifuta, akarudisha, akachomoa. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Akafuta tena. Bado katikati. Chini ya gari hakukuwa na tone. Nikaifungua kanzu, nikaikunja vizuri kama inatoka kwa dobi, nikaiweka kwenye dirisha la ghala.

"Oili chafu hii hapa. Nimerudisha."

Mtunza Ghala hakuigusa. "Hii si lita."

"Iliyobaki iko angani kuanzia hapa mpaka Kinjumbi. Ukiwa na ngazi, kaichukue."

Athumani alilazimika kugeuka ukutani. Mkuu wa Karakana hakucheka. Aliniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi nimeona. Wallahi nimeona. Lakini fomu haina macho. Ina sehemu ya lita zilizotoka na sehemu ya lita zilizorudi. Nikiandika kanzu, mkoani watanicheka."

"Andika zimeungua."

"Hakuna sehemu ya kuungua."

Akaniomba nitie sahihi kwamba lita nne zimepotea mikononi mwangu, yaishe. Nilisoma karatasi ile mara mbili, nikamrudishia na kalamu yake. Wiki ya pili barua ya onyo iliingia kwenye faili bila sahihi yangu, cheo kikaenda kwa mwingine, na mimi nikapelekwa Songo Songo kuangalia injini ya pampu ya maji. Zuhura, alipoiona kanzu, aliuliza swali moja tu.

"Ulikwenda kuswali au ulikwenda kuchoma mkaa?"

"Vyote viwili."

Akataka kuifua. Nikamkatalia. Alifunga vyombo vyetu bila kunisemesha, lakini kanzu aliifunga kwa nailoni mwenyewe, akaiweka chini ya sanduku.

Kisiwani nilikaa miaka sita nikitunza injini moja. Niliitunza kiasi kwamba wavuvi wa pale walisema inaswali, haikosi wakati. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka vijana walishike: injini iliyozeeka kula oili si aibu. Aibu ni kuificha. Injini inayokula oili na ikapewa, inatembea. Inayokula na ikanyimwa, inakufa.

Na Namba Saba lilikufa. Fundi aliyenirithi hakutaka makuu. Hakuwa na chafu ya kurudisha, kwa hiyo hakuomba safi. Kabla mwaka haujaisha injini ikakamata, ikagoma kuzunguka kabisa, njiani karibu na Somanga. Alhamdulillahi siku hiyo hakukuwa na mgonjwa ndani, ni Athumani na magunia ya chokaa. Walipoifungua walikuta ringi zimelika mpaka nyembamba kama kucha. Najua hivyo kwa sababu siku moja nahodha wa boti alinikabidhi bahasha ya Mkuu wa Karakana. Ndani hakukuwa na barua. Kulikuwa na ringi moja ya pistoni, imevunjika vipande viwili, imefungwa kwenye karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu.

Nilingoja maandishi. Hayakuja. Alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Nimemsamehe yeye, si karatasi yake.

Sasa nami nimestaafu. Niko Masoko, na asubuhi huwa nakaa kwenye gereji ya jirani, si kufanya kazi, ni kusahihisha. Magari yanayokuja siku hizi yanashuka bandarini yakiwa yameshazeeka kwa watu wengine, yameng'arishwa kama bibi harusi wa mara ya tatu. Mwenye gari anakuja analalamika: "Mzee, oili inapungua na haivuji, fundi wangu ananiibia." Namwuliza amepima mara ngapi. Namwambia asimame nyuma ya gari lake, amwambie mtu akanyage mafuta, atazame rangi. Nimeshawaokoa mafundi wanne kwa njia hiyo. Nilipohesabu tena wakawa watano. Mmoja nilimsahau kwa sababu hakunishukuru.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisini kufuatilia jambo la kiinua mgongo. Binti mpole wa masjala akafungua faili langu, akasoma, akaniangalia kwa huruma.

"Babu, kumbe uliwahi kuwa na tatizo la oili?"

Miaka yote ile, na kitu cha kwanza mtoto wa watu anachokijua juu yangu ni hicho. Nikamwambia tatizo lilikuwa la gari. Akasema yeye hana mamlaka ya kutoa karatasi kwenye faili, na hajui nani anayo.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kukaa ofisini. Cheo sikidai, kimeshakwisha muda. Miaka sita siidai, Songo Songo walinipa samaki na heshima. Nadai lita nne zangu, zitolewe kwenye jina langu ziandikwe kwenye moshi. Nielekezeni nianzie mlango upi na nimwone bwana gani. Ringi ninayo, vipande vyote viwili. Na kanzu nitakuja nayo, haijafuliwa.