Bahasha Mbili Zilizobaki Mkobani

Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa jaji. Habari zilipofika Tabora kaka yangu alichinja mbuzi, na shangazi akawatangazia majirani kwamba Salome sasa anafunga watu Amerika. Sikumfunga mtu. Huku Minnesota, jaji wa uchaguzi ni yule anayekaa mezani kituoni, anatafuta jina lako daftarini, anakupa karatasi na kalamu, na ukimaliza anakupa kibandiko chekundu ubandike kifuani. Mimi niliwekwa katika ukumbi wa chini wa mojawapo ya yale maghorofa ya Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi, kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili changu na Kisomali cha kuombea maji.

Nilivaa suti na viatu vya kisigino, maana jaji ni jaji. Wenzangu walivaa masweta na raba. Kufika saa nne asubuhi miguu ilikuwa inawaka moto, nikavua viatu chini ya meza. Mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliona na hakucheka. Aliniambia tu, "Salome, hapa hakuna mkubwa. Kazi yako ni kumfanya mtu aone kwamba alikuwa anasubiriwa." Nimepata mabosi wengi baada yake, lakini maneno hayo ndiyo niliyoyashika zaidi.

Baada ya chaguzi tatu za kibarua cha siku moja moja, ofisi ya uchaguzi ya kaunti iliniajiri moja kwa moja. Nilipanda basi kutoka nyumbani Columbia Heights, na wakati wa baridi nilikuwa nafika nyusi zimeganda. Nilikabidhiwa kwa Msimamizi wa Kura za Wasiokuwepo, mama mmoja mrefu ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti, wala akipindisha kanuni hata kwa unywele mmoja.

Kura ya asiyekuwepo ni kura ya mtu ambaye hatafika kituoni. Anatumiwa karatasi, anaijaza mbele ya shahidi, anaiweka katika bahasha isiyo na jina, kisha hiyo anaitia katika bahasha ya nje yenye sahihi yake na ya shahidi. Siku yangu ya kwanza ofisini kwake Msimamizi aliniwekea bahasha hizo mbili mezani, zikiwa tupu. "Ya ndani ni siri yake," alisema. "Ya nje ni yeye mwenyewe. Ukiipokea, umempokea mtu. Ukiikataa, umemkataa mtu, kwa hiyo ujue ni kwa nini."

Niliyapenda maneno hayo nikawa nayahubiri kila mahali: kanisani, msibani, kwenye foleni ya dukani. Watu wetu walinichoka. "Mama Neema na bahasha zake," walikuwa wanasema wakiniona naingia.

Jambo lililowatatiza zaidi lilikuwa kujua nani mwenye amri. Tumetoka nchi ambazo tume moja iliyoko mji mkuu inasimamia kila kitu, kuanzia wino hadi matokeo. Huku siyo. Katiba imewaachia majimbo kazi ya kuendesha uchaguzi, kila jimbo na sheria zake. Bunge la Washington nalo lina uwezo wa kuweka kanuni, hasa katika kuchagua wabunge wa nchi nzima, na sheria yake ikigongana na ya jimbo, mnaonana mahakamani. Sisi tunaopokea bahasha dirishani tulikuwa katikati. Asubuhi unaambiwa hivi, mchana inakuja barua ya mwanasheria, jioni unaambiwa vile.

Nitoe mfano mmoja, maana ndio ulionichoma. Jimbo letu lilikuwa na kikomo cha watu watatu. Mtu mmoja hakuruhusiwa kuwasaidia zaidi ya watatu kujaza karatasi, na hakuruhusiwa kuwaletea wengine bahasha zao zaidi ya tatu. Lakini sheria ya nchi nzima inasema asiyejua kusoma au asiyeona asaidiwe na mtu anayemtaka mwenyewe. Mambo yalifika mahakamani, kikomo cha kusaidia kikaondolewa. Kikomo cha kubeba kikabaki palepale. Nililieleza hilo mara nyingi sana, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hata nikawa naweza kulisema huku napanga mihuri.

Sasa sikilizeni jinsi mwalimu wa bahasha alivyoanguka.

Kemunto, rafiki yangu, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa amekula kiapo cha uraia mwaka uleule. Hiyo ingekuwa kura yake ya kwanza hapa. Aliomba ya asiyekuwepo kwa sababu ya zamu zake, na bahasha ikamfikia wiki ambayo mama yake alifariki Kisii. Aliitia mkobani akaondoka nayo. Wenzake wanne wa kanisani walimsindikiza kwenda kuzika, nao wakabeba zao. Huko walishuhudiana wenyewe kwa wenyewe, kila kitu kikawa sawa, ila siku zilikuwa zimekwisha. Akanipigia simu.

"Mama Neema, huku posta ni story tu. Si ni-scan nikutumie kwa email? Cousin yangu amehamia Nairobi kikazi, ya kwake ametuma online na state yao wakaikubali. Kwani hii si Amerika moja?"

"Ni Amerika moja yenye sheria hamsini, dada. Ya kwetu inataka karatasi yenyewe."

"Sasa nifanye aje? Haki, hii ndiyo yangu ya kwanza."

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Nikamuuliza kama kuna anayerudi kabla ya siku yenyewe.

"Mzee Barongo ana-travel Sunday. Kazi imemwita."

"Basi mpe yeye," nikasema. "Msafiri ndiye posta yetu."

Nani kati yetu hajatuma mzigo kwa msafiri? Dawa, vitenge, unga wa wimbi, vyeti vya ndoa, vyote vinapita mikononi mwa watu wanaopanda ndege. Ndiyo maana nililisema haraka, kama mtu wa nyumbani anavyomjibu mwenzake. Haikunijia hata kidogo kuuliza wako wangapi. Na nyumba ya msiba haina siri: jioni ile wote watano walijua kwamba mtu wa ofisi ya uchaguzi amesema bahasha apewe Mzee Barongo.

Mzee Barongo ni mzee wa kanisa lao, muuguzi, mtu wa maneno machache; naye alikuwa amekwenda kuzika, ila kura yake mwenyewe alikuwa ameipiga kabla ya safari. Ndege yake ilichelewa, akalala njiani, na siku ya uchaguzi yenyewe asubuhi alikuja moja kwa moja dirishani kwangu, koti limekunjamana. Alionyesha kitambulisho, akaandika jina na anwani daftarini. Kisha akaingiza mkono mkobani akatoa bahasha. Nikapiga muhuri. Akatoa ya pili, na ya tatu. Nikapiga muhuri nikishukuru moyoni. Akaingiza mkono tena.

"Bado mbili," alisema.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Tatu tu," alisema kwa upole wake ule. "Samahani sana, bwana. Mtu mmoja, tatu."

Mzee Barongo alinitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mama Neema, si wewe ulimwambia Kemunto nilete?"

"Anasema nini?" Msimamizi akauliza.

Nilikuwa mfasiri niliyeapishwa. Siku ya kiapo mkono uliinuliwa, maneno yakasemwa. Nikafasiri hivi: "Anauliza kama kweli hakuna njia."

Msimamizi akajibu kwamba njia ilikuwapo moja: wenye bahasha wamteue mtu mwingine wa kuzileta. Mzee Barongo akakaa kwenye benchi akawapigia Kisii. Alipiga mpaka mchana. Baadaye tulijua kwamba umeme ulikuwa umekatika kijijini tangu jana yake na simu zote zilikuwa zimezimika. Msimamizi alitikisa kichwa. "Laiti wangetuuliza kwanza," alisema, na alisema kwa huruma ya kweli. Mimi nikajifanya kutafuta wino.

Bahasha mbili zilizobaki zilikuwa za chini kabisa mkobani, kwa maana nyingine za watu waliowahi kumpa. Moja ilikuwa ya Kemunto. Yeye ndiye aliyempa wa kwanza.

Kanisani yalisemwa mengi. Kwamba Mzee Barongo alichagua za ndugu zake. Kwamba mtu wa kuaminiwa kwa michango ya harusi hawezi kuaminiwa kwa kura. Aliondolewa kwenye kamati ya michango kimyakimya, jinsi wazee wa kanisa wanavyojua kufanya. Mimi nilisikia yote hayo, nikala chapati zao, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kikomo ni cha jimbo, si changu. Uongo mtupu. Kikomo kilikuwa cha jimbo, lakini ushauri ulikuwa wangu, na ile tafsiri ilikuwa yangu zaidi. Kemunto hakunitaja kwa mtu. Aliporudi alichukua bahasha yake kwa Mzee Barongo, akanisalimia kama kawaida, na adabu yake hiyo iliniuma kuliko matusi.

Nilifanya kazi miaka saba baada ya hapo. Msimamizi alistaafu, akaja Mkurugenzi kijana mwenye kompyuta mbili na haraka nyingi. Nilihamishiwa dawati la walioko ng'ambo, ambako karatasi tupu tunaweza kuituma kwa barua pepe lakini iliyojazwa lazima irudi ikiwa karatasi. Kila siku nilijibu swali lilelile la Kemunto, kutoka kwa askari, wanafunzi na wamisionari.

Sasa nimestaafu, vijana wa chuo wananiuliza nyumbani: Bibi, mbona tusipige kura kwa simu? Mbona Washington isiamue mara moja kwa majimbo yote? Mmoja aliniambia, "Grandma, even the bank is on my phone." Nimeona sheria ya nchi nzima ikimtetea bibi asiyejua kusoma, na nimeona jimbo likijua mambo ya vituo vyake ambayo mtu wa mbali asingeyajua. Pande zote mbili zina haki na zote mbili zina kichwa kigumu. Kuhusu simu, wajuzi wa mitambo ndio waseme kama ni salama. Mimi najua jambo moja tu. Karatasi ikipotea, mnaweza kurudi nyuma mkono kwa mkono mpaka mumfikie aliyeipoteza. Sijui katika simu mtamfikia nani. Na hata kwenye karatasi, aliyeipoteza akiamua kunyamaza, mtangoja sana. Mimi niliwangojesha watu miaka saba.

Wiki ya mwisho ya kazi nilikwenda Inver Grove Heights, nyumbani kwa Mzee Barongo. Alinikaribisha chai. Nilikuwa nimejipanga maneno, yakatoka yote kwa mkupuo: kwamba siku ile dirishani Msimamizi aliniuliza anasema nini, na mimi sikufasiri aliyoyasema.

Akaweka kikombe chini. "Mama Neema, mimi nilikuwa pale. Kiingereza nakijua. Nime-work hospitali za hawa watu miaka mingapi?"

Hapo ndipo nilipofikiria hilo kwa mara ya kwanza. Miaka saba nilidhani nimeficha, kumbe nilifasiri vibaya mbele ya mtu anayejua lugha zote mbili. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona umeogopa. Nikasema, huyu waki-m-fire leo, kesho nani ataambia wamama wetu hapo dirishani wamekosea wapi? Na wewe ulikuwa unatufaa." Akanywa kidogo. "Lakini nilingoja uje. Sitakudanganya, nilingoja sana."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe zamani, ila kuna watu bado wanaamini kwamba alichagua, na hao msamaha wake hauwasaidii. Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa lao, waliponiita mbele kunipongeza kwa kustaafu, wakiwa tayari na keki na shuka la zawadi, nilishika kipaza sauti nikasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, jina langu kwanza. Keki ilikatwa, lakini hakuna aliyejua aile kwa uso gani. Barua ya maelezo hayohayo nilimwachia Mkurugenzi mezani.

Kemunto alinikuta mlangoni navaa koti. Alinisaidia mkono wa kushoto, maana bega hilo ni bovu.

"Ile envelope bado niko nayo," alisema. "Iko kwa file moja na karatasi za uraia. Sijaifungua."

"Itupe, dada. Haina kazi tena."

"Nitatupa aje?" Akanifunga vifungo kimoja kimoja, kama mtoto. "Si wewe ulitufundisha ni mtu?"