Paswadi ya Daktari

Leo nimefundisha wahadhiri kumi na wawili, na mjuaji hakuwa hata ndani ya chumba.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila mmoja aingie kwa mtandao mpya wa chuo, aweke muhtasari wa masomo yake na maksi za wanafunzi. Basi.

Nimetoka nyumbani Makadara bila kunywa chai kwa sababu ya hao watu, jameni.

Mmoja wao, Daktari aliyekaa mbele, yule alishinda asubuhi nzima akisema vijana wa siku hizi ni wavivu, akakwama kwa paswadi. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa tukasikia sote.

"Mwende, paswadi yangu ni gani?"

Mwende ni kiongozi wa darasa lake. Mwanafunzi.

"Ngoja kidogo, Daktari. Niko ndani ya akaunti yako, bado naweka maksi za mtihani."

"Umefika wapi?"

"Nimefika kwa jina langu."

Nikaangalia viatu vyangu, nikingoja wenzake wamrarue.

Kuinua kichwa, wote kumi na mmoja wako na simu sikioni. Kila mtu anatafuta Mwende wake.

Sasa semeni nyinyi. Kesho nirudi kufundisha nani?