Upepo wa Bure

Mjaza mafuta huyu hunusa vidole kila anaporudisha bomba kwenye pampu, kisha huvifuta haraka kwenye suruali. Tangu tajiri, mwenye kituo, aanze kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa, roho ya mjaza mafuta iko juu juu. Anayemtisha kuliko wote ni mkunga mwenye gari la haibridi, lile la petroli na betri, maana kioo cha dashibodi yake kina umbea: humtajia kila lita imekwenda kilomita ngapi.

"Kaka, ishirini na tatu zimekuwa kumi na saba," alilalamika mwezi uliopita. "Au ni upepo wa matairi?"

"Ni upepo tu, dada."

Tangu siku hiyo humjazia matairi bila kuombwa, akipima kila gurudumu mara mbili.

Leo mkunga amefika mbio. Kuna mzazi amezidiwa, mbali, porini. "Jaza tangi, kaka!" Kwenye dirisha la ofisi tajiri anatazama. Mjaza mafuta akachukua kipimo cha upepo, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele.

"Dada, usijaze hapa," akanong'ona. "Upepo haukuwa na kosa. Nenda kituo kinachofuata."

Gari likaondoka kwa kasi. Mlango wa ofisi ukafunguka, naye bado amepiga magoti, kipimo mkononi, mbele yake hakuna gurudumu.