Jicho la Mchagua Kahawa

Mimi shuleni nilikaa miaka miwili tu, kwa hiyo nikipita njia ndefu mnisamehe. Nilibeba magunia kwenye kituo cha kuoshea kahawa huku Nyakarenzo mpaka mgongo ukakataa, ndipo kapita, msimamizi wetu, akanihamishia meza ya kuchagua, kwa wanawake. Mzee wa ndevu nyeupe katikati ya vitenge! Walinicheka msimu mzima. Lakini jicho langu likawa kali. Punje yenye tundu la mdudu, yenye doa, iliyovunjika, naiona kabla mkono haujafika. Punje nzuri huioni, unaipita tu.

Jicho hilo nikawa narudi nalo nyumbani. Shida ilianzia hapo.

Nyumbani nilikuwa na mjukuu, msichana wa miaka kumi. Mama yake, binti yangu, anauza nguo Bukavu, anavuka mpaka kuja kutuona Jumapili. Kila jioni nilimwambia mtoto alete daftari. Kusoma sijui, na jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilitafuta wino mwekundu wa mwalimu, basi. Mwekundu kwangu ulikuwa kosa. Nikiuona nafoka, na mtoto akifungua mdomo namwambia asinijibu. Mwishowe akanyamaza kabisa. Akamwambia mama yake kwa simu, nami nasikia, kwamba Jumapili aje amchukue wakaishi Bukavu, hata kama ni kuacha shule.

Wiki hiyo kituo kilileta mwalimu wa kufundisha wazazi malezi, Jumanne na Alhamisi, sisi tukiendelea kuchagua. Mwanamke mpole, ila haogopi mtu. Akauliza: mtoto wako jana alifanya nini kizuri?

"Hakuna," nikasema.

Mama mmoja mbele yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akadakia: "Eh Papa, weye unachaguaka hata mutoto! Utabakia na mbovu tu mu mukono."

Wakacheka mpaka kapita akageuka. Mimi sikucheka. Mwalimu akatuambia: ukifika nyumbani nawa mikono, kaa chini, umwache mtoto aanze yeye kukuonyesha. Nikasema moyoni, Jumapili iko mbali kidogo, nitajaribu.

Jumanne jioni nikanawa, nikakaa. Mjukuu akanitazama kana kwamba naumwa, akaingia jikoni. Jumatano nikafoka kwa sababu ya ndoo ya maji. Nasema ukweli, nilifoka vibaya.

Alhamisi nikalisema hilo mezani. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama akasema naye alimpiga mwanawe kwa kandambili asubuhi, na siku kama hizo punje mbovu zinampita, kapita anamrudishia kahawa achague upya. Mwingine akasema hata yeye. Kumbe wengi tulikuwa tunarudishiwa kahawa kwa ugomvi wa nyumbani, kila mtu akijificha! Mabega yangu yalishuka pale pale.

"Leo tena, Papa," yule mama akaniambia. "Ukishindwa, kesho tena."

Jioni nikanawa mikono. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia mjukuu: "Nionyeshe unachotaka wewe." Akafungua ukurasa uliojaa wekundu. Ulimi niliuuma, kweli niliuuma.

"Hapa kumeandikwa nini?"

"Kwani Koko hauone?" Koko ni babu, ndivyo anavyoniita.

"Naona. Kusoma ndiyo sijui."

Akanikodolea macho. Halafu kidole chake kikashuka taratibu kwenye wino. "Mwalimu ameandika nimefanya vizuri sana. Na hapa. Na hapa." Akafunua nyuma, kurasa zile zile nilizomfokea.

Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha maishani, maneno yalitoka yamepinda.

Jumapili binti yangu akafika na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Mjukuu akasimama mlangoni.

"Maman, nitabakia. Lakini daftari nitaonyesha miye mwenyewe. Na Koko atasoma mustari moja kila siku."

"Mustari moja?" mama yake akaniangalia. "Papa, utaweza?"

"Nikishindwa, kesho tena," nikamjibu.

Mfuko ukarudi Bukavu na viazi vitamu. Jumanne nilifika mezani na herufi tano kichwani, nikazichora kwa kidole kwenye vumbi la kahawa, yule mama aliyenicheka akizihakiki moja moja.