Rupia Daraja la Tatu

Shemeji yangu Felisian, aliyemwoa dada yangu Otilia, hakujua kazi nyingine duniani ila kupanga mahindi madaraja. Miaka yote ya ushirika alisimama mlangoni mwa ghala pale Namanyere na koti lake la kaki, akichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji. Punje zikimwagikia kiganjani anazinusa, anang'ata moja, kisha anatamka: la kwanza, la pili, la tatu. Mahindi ya baba yake mzazi aliyapa la tatu mbele za watu! Ndivyo alivyo, na mimi nilishachoka kumsema.

Basi ikaja biashara huria. Wanunuzi wakafika na malori mpaka shambani, wanazoa mahindi na takataka zake, mabichi, yenye wadudu, wao twende tu. Ushirika ukafa, ghala akapangishwa muuza mitumba. Felisian akarudi kwetu Mazwi na bambo lake, akawa anashinda barazani analipaka mafuta. Mtu mzima, jamani! Ilitia huruma na ilikera, vyote pamoja.

Ndipo akaja Mwinjuma, mnunuzi wa sarafu za kale kutoka Dar. Alifikia gesti karibu na stendi, akatangaza anatafuta rupia za Mjerumani. Mimi nilitega masikio, maana mama yetu alikuwa nayo moja, ya fedha tupu, yenye mfalme wa masharubu, imekaa ndani ya kibuyu tangu enzi za bibi. Na shida yangu ilikuwa moja tu: paa. Nyasi zilishaoza. Mvua ikinyesha mama anahamisha mkeka kutoka kona hii kwenda ile, amejikunyata kama kuku. Nilitaka mabati kabla mvua hazijaanza, basi.

Safari ile Mwinjuma hakununua kitu, alikuja kuangalia. Lakini alituambia kwamba Ulaya kuna mafundi wa kupanga sarafu madaraja, na sarafu ikishapata daraja wanunuzi wanaigombea. Felisian alikuwa amesimama nyuma. Akapenya katikati ya watu.

"Kupanga madaraja?" akauliza. "Hiyo ni kazi yangu."

Mwinjuma akacheka, akapanda basi, akaahidi kurudi mwisho wa Oktoba. Felisian hakucheka.

Kesho yake alitoa meza nje, akavaa koti. Rupia zikaletwa kutoka kila upande, mpaka Mwimbi. Alizianika kwanza juani, eti zitoe unyevu. Alizinusa. Alizing'ata.

"Felisian," nikamwambia, "rupia nayo inaingia wadudu?"

"Ndiyo maana tunakagua, shemeji."

La kwanza ilitakiwa iwe nyeupe pe, kwa hiyo watu wakazisugua kwa mchanga na majivu kama masufuria. Ikishafaulu, Felisian alichukua nyundo na msumari, akaigonga alama shavuni mwa mfalme ili mtu asije akaibadilisha njiani. Ya daraja la tatu aliirudisha hivyo hivyo bila alama, maana hata ushirika haukuwahi kutia alama kwenye mali mbovu.

Wendawazimu ukasambaa. Watu wakaanza kuleta na shilingi za kawaida zipangwe. Sokoni mama wa dagaa akakataa chenji yangu kwa sababu haikugongwa msumari. Kanisani katekista Oswaldi alisimama akalalamika kwamba waumini wanamtolea Mungu la tatu na kuficha la kwanza majumbani. Nilimtazama Otilia, Otilia akatazama chini.

Nikapeleka ya mama. Mama alikataa katakata isisuguliwe, alisema bibi hakumwachia sufuria. Ilikuwa nyeusi tii. Felisian aliigeuza, akainusa, akaniangalia kwa huzuni.

"La tatu, shemeji. Ina ukungu."

"Rupia ya mkweo, Felisian! Anayelala kwenye matope!"

"Namheshimu sana mama. Lakini rupia yake ni la tatu."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikarudi nyumbani nalia njia nzima, nimeifumbata mkononi, maana nani atanunua la tatu wakati mji mzima una la kwanza? Usiku huo ikanyunya kidogo, na mama akahama kona.

Mwinjuma akarudi kama alivyoahidi. Watu walipanga foleni mpaka stendi. Akafungua kifuko cha kwanza, cha pili, cha tano, akawa anatokwa jasho.

"Nani kampiga mfalme misumari? Na nani kazisugua? Hizi zimekufa! Rupia inatakiwa na weusi wake!"

Nikaruka foleni, aibu nikaiacha huko huko nyuma. Alipoiona ya mama aliishika kwa kitambaa. Na kwa kuwa hakutaka kurudi Dar mikono mitupu, alinipa bei ya mabati, misumari na fundi, na hela ya chumvi ikabaki.

Mnadhani watu walimkasirikia Felisian? Wapi! Walisema Mwinjuma ni mnunuzi mdogo, uwezo wake ni wa la tatu. Rupia zao wanazitunza mpaka leo, wanamsubiri mnunuzi mkubwa. Na mimi wananipa pole eti niliuza ovyo.

Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta chini ya bati. Kelele tupu, hatusikilizani, mama amelala katikati ya chumba, amenyoosha miguu yote miwili. Felisian akaingia kujikinga, amelowa chapa chapa. Akatazama juu. Kufumba na kufumbua bambo liko mkononi, analielekeza kwenye bati langu.

"Thubutu!" Nikamnyang'anya. "Leo utakaa na utakula. Hupimi kitu humu."

Nikampakulia ugali na maharage. Alikula, anamtazama mkwewe alivyolala pakavu. Kisha akachukua harage moja, akalinusa, akaling'ata taratibu.

"Shemeji," akasema, machozi yanamlengalenga, "la kwanza."

Nikainuka kumwongezea, nimempa mgongo asinione.