Konokono Waliovaa Rangi ya Matumbawe

Mimi ni muuguzi hapa Nakuru. Nimeosha vidonda vilivyooza, nimepangusa matapishi ya watu nisiowajua, kisha nikaenda kula chapati na dengu. Sikutarajia kwamba kitu kidogo kama punje ya mchele kingenitapisha kwenye sinki la jikoni kwangu.

Sebuleni nilikuwa na tangi la maji ya chumvi niliyoyachanganya mwenyewe kwenye ndoo. Ndani nilifuga samaki wawili na matumbawe, viumbe vya baharini vinavyofanana na maua ilhali ni wanyama. Niliyoyapenda zaidi yalikuwa madogo kama vitufe vya shati, ya kijani na ya machungwa, yamejazana juu ya jiwe. Nilipoagiza kipande kipya, muuzaji wa Nairobi alinisihi nikitenge kwenye ndoo ya peke yake kwa wiki kadhaa, kisije kikaleta wadudu. Sikukitenga. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja Jumapili na nilitaka wakione.

Walikiona, wakakisifu. Baada ya wiki mbili vitufe vikaanza kujifunga, kimoja kimoja, kisha vikayeyuka vikawa kamasi ya kijivu. Nilipima chumvi, nikabadilisha maji, nikapunguza taa. Wapi.

Mama mkwe alikuwa ametoka Kuresoi kuja kliniki ya goti. Amelima viazi maisha yake yote. Asubuhi moja alisogeza kiti karibu na tangi, akatazama kwa muda.

"Hii inaliwa," akasema.

"Inaliwa na nini, mama? Samaki hawaigusi."

"Umeangalia chini yake? Mimi viazi ikinyauka siangaliangi juu."

Nilivaa glavu na miwani ya kazini, kwa sababu matumbawe hayo yana sumu yakiminywa. Nikatoa lile jiwe, nikalitia kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi na iodini, nikalitikisa. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu kitufe kimoja kikatembea.

Hakikuwa kitufe. Kilikuwa konokono asiye na gamba, mgongo wake umejaa vinywele vya kijani na machungwa, rangi zilezile za matumbawe yangu, maana ndiyo aliyokuwa amekula. Akadondoka, akajikunja chini ya bakuli. Akafuata mwingine, na mwingine, hadi sehemu ya chini ikawa inachezacheza. Nilipogeuza jiwe nikakuta mayai: utepe mweupe wa utelezi, umezungushwa kama koili ya mbu na kugandishwa kwenye shina la kitufe kilichokuwa bado hai. Nikavuta kwa kibanio. Ukanyumbuka, ukakatika, ukanasa kwenye glavu yangu. Ndipo nikakimbilia sinki.

"Na kazi yako ni ya hospitali," mama mkwe akasema nyuma yangu.

Iodini huua konokono, lakini haiui mayai. Kila baada ya siku nne nilirudia: kutoa, kutumbukiza, kugeuza, kukwangua. Kila mara niliwapata wapya, wembamba kama uzi, tayari wameanza kuchukua rangi. Hata nikiwa kazini kwenye wadi nilihisi utelezi kwenye vidole. Wali ulinishinda. Mume wangu alipoona bakuli lililokuwa la supu likiwa na konokono waliokufa, alilibeba hadi kwenye pipa la takataka bila kuniuliza.

Kipande kipya nilikiloweka kwenye jiki, ile dawa ya kuondoa madoa, hadi kikafa, kisha nikakitupa. Nusu ya vile vya zamani nilivipoteza. Wiki ya sita nilikwangua sikuona kitu, na ya saba pia.

Matumbawe yaliyobaki yamefunguka sasa na wageni husema yanapendeza. Mimi nikiyatazama naona vinywa. Na kinachonichefua zaidi ni kukumbuka vile nilivyosimama Jumapili ile, nikiwaonyesha wenzangu kwa kidole, "Angalieni, kama kinapumua," na kumbe niliyekuwa nawaonyesha huenda alikuwa konokono.